Juu ya Nyuzi za Besi

Watu wengi wanaokwenda dansini hawajui besi inapigwa na nani. Mwimbaji wanamjua kwa jina, mpiga solo wanamjua, na mpiga tarumbeta wanamkumbuka kwa namna mashavu yake yanavyotuna. Besi wanaijua kwa miguu. Ikinyamaza wataacha kucheza, na hata hapo hawatasema kwamba besi imenyamaza. Watasema muziki umeharibika. Kwa hiyo sitashangaa msomaji akiuliza kuna haja gani ya kujaza kurasa hizi kwa habari za nyuzi nne za chuma. Mimi nimezipiga nyuzi hizo kwa miaka zaidi ya ishirini katika bendi za Dar es Salaam, na naamini zina historia inayostahili kusimuliwa. Ndani yake mna swali ambalo si la wanamuziki peke yao: ni lini mtu anaweza kusema kwa haki kwamba amechagua?

Nianze na tatizo lenyewe, maana historia yote hii imetokana nalo. Sauti ya uzi hutegemea mambo matatu: urefu wake, mkazo wake na uzito wake. Uzi mrefu huimba chini kuliko mfupi, uliolegea huimba chini kuliko uliokazwa, na mzito huimba chini kuliko mwepesi. Uzi mnene kuliko yote katika gitaa la kawaida, ule tuuitao E, hutetemeka mara 82 kwa sekunde. Uzi wenye jina hilo hilo katika besi hutetemeka mara 41, yaani nusu yake. Ukitaka kuishusha sauti kwa kiasi hicho bila kuongeza urefu na bila kulegeza, itakubidi uongeze uzito wa uzi mara nne. Mtu atasema, basi chukua waya mnene. Lakini waya mnene mtupu ni sawa na nondo ya kujengea nyumba. Haupindi kwa urahisi, na uzi usiopinda hauimbi vizuri: vile visauti vya juu vinavyofuatana na sauti kubwa, ambavyo ndivyo huipa sauti tabia yake, hutoka vimepotoka na kugombana nayo.

Mafundi wa Ulaya walikutana na tatizo hili zamani sana. Nyuzi zao zilikuwa za utumbo wa kondoo uliosokotwa, na uzi wa besi wa utumbo ulikuwa mnene kama kamba, wenye sauti hafifu. Katika karne ya 17 ikapatikana hila iliyowaokoa: kuchukua uzi mwembamba wa utumbo na kuuzungushia waya mwembamba wa madini, mzunguko kando ya mzunguko, kutoka mwanzo hadi mwisho. Kiini kikabaki chembamba na chepesi kupinda, na uzito ukaongezwa kwa nje. Karibu nyuzi zote za gitaa la besi zinazouzwa leo zimetengenezwa kwa hila hiyo hiyo. Kilichobadilika ni kwamba kiini kimekuwa cha chuma cha pua badala ya utumbo. Kwa hiyo anayechagua nyuzi za besi kwa sehemu kubwa anachagua koti. Kiini ni kile kile; wasiwasi wote ni juu ya kile kilichovalishwa.

Gitaa la besi lenyewe ni changa. Kabla yake besi ya dansi ilikuwa kontrabasi, ile fidla kubwa inayosimama kuliko mpigaji wake. Ni chombo chenye heshima, lakini ni mzigo kukisafirisha, na mara magitaa ya umeme na maspika yalipoingia ukumbini kilikuwa hakisikiki. Katika miaka ya 1930 mtu mmoja wa Seattle, Marekani, aitwaye Paul Tutmarc, alitengeneza besi ndogo ya umeme ya kupigwa kama gitaa, akaiita Audiovox. Haikuenea. Mwaka 1951 Leo Fender, fundi wa redio wa Fullerton, California, alitoa yake akaiita Precision Bass. Aliipa jina hilo kwa sababu shingo yake ilikuwa na freti, vile vyuma vya kukatia sauti, na kwa hiyo mpigaji aliweza kuipata noti sawasawa bila kubahatisha kama katika kontrabasi. Urefu wa uzi kutoka darajani hadi mwanzo wa shingo aliuweka inchi 34, karibu sentimita 86, na kipimo hicho ndicho kinachotumika hadi leo katika besi nyingi. Baada ya muda mfupi Monk Montgomery aliipiga katika bendi ya Lionel Hampton, na watu wakaanza kuizoea.

Sasa, koti la nyuzi za mwanzo lilikuwa la aina moja. Waya wa nje ulikuwa bapa kama utepe, hivyo uzi ukawa laini ukiupapasa. Wapigaji waliohama kutoka kontrabasi walizoea ulaini huo, na vidole vikiteleza juu yake havitoi mkwaruzo. Sauti yake ni ya mviringo, fupi, yenye giza kidogo. Fender hakutosheka hata na hapo. Chini ya kifuniko cha chuma kilichofunika daraja alibandika kipande cha sponji, kizigandamize nyuzi ili noti zife mapema. Maana yake ni wazi: alitaka gitaa lake liseme kama kontrabasi, chombo ambacho noti yake hutoka kwa pigo na kuzimika. Hakuna aliyedhani wakati ule kwamba besi ingetaka kuimba.

Kwa nyuzi za namna hiyo ulijengwa muziki mkubwa sana. Mtu ambaye jina lake hutajwa kwanza na kila mpiga besi ni James Jamerson, mzaliwa wa South Carolina mwaka 1936, aliyefanya kazi Detroit katika studio ya Motown. Nyimbo alizozipigia ambazo zilizunguka dunia nzima sidhani kama zinahesabika kwa vidole vya watu kumi. Alitumia Precision ya mwaka 1962, na nyuzi bapa nzito za La Bella, zenye unene unaoanza na 52 hadi 110. Niseme hapa kwamba viwandani unene wa nyuzi hupimwa kwa sehemu za elfu za inchi, kwa hiyo 110 ni kama milimita 2.8. Seti ya kawaida siku hizi huanza na 45 na kuishia 105. Nyuzi za Jamerson zilihitaji vidole vya mtu aliyeanzia kwenye kontrabasi, na ndiko alikoanzia. Tena inajulikana kwamba hakuzibadilisha. Labda ukatike uzi, basi atatia mwingine. Vinginevyo jasho na uchafu wa miaka vilikaa pale pale, na sponji ya Fender chini ya kifuniko vile vile. Kutokana na vitu hivyo vitatu, nyuzi bapa, uzee na sponji, alitoa sauti ambayo wengine wametumia fedha nyingi kuitafuta. Jina lake halikuandikwa kwenye jalada la santuri ya Motown hadi mwaka 1971, ilipotoka ile ya Marvin Gaye iitwayo What's Going On. Alikufa mwaka 1983, na gitaa lile liliibwa muda mfupi kabla hajafa. Mpiga besi akisoma habari hizo hawezi kuzipita haraka.

Upande wa pili wa habari uko Uingereza. John Entwistle wa kikundi cha The Who alikuwa na tatizo tofauti na la Jamerson. Alikuwa katikati ya mpiga ngoma na mpiga gitaa waliokuwa na fujo, naye alitaka besi ijibu. Alisimulia mwenyewe jinsi alivyonunua besi za Danelectro kwa ajili ya nyuzi zake zilizolia kwa uwazi. Nyuzi hizo zikikatika hazikuwa zikiuzwa peke yake, kwa hiyo alilazimika kununua gitaa jingine zima. Mwaka 1966 alikwenda kwa James How, mwenye kiwanda cha nyuzi cha Rotosound, wakakaa pamoja hadi zikapatikana nyuzi zilizotetemeka sawasawa hata ule mnene wa E. Koti lake lilikuwa la waya wa mviringo, wa chuma kisichoshika kutu. Uzi wa namna hiyo una matuta. Kidole kikiteleza hukwaruza, na freti huliwa kama kwa tupa. Lakini sauti yake inalia kama kinanda, inadumu, na kila noti inajitenga na nyingine. Besi ikapata ulimi.

Walioipenda sauti hiyo waliilipia. Jaco Pastorius wa Florida, aliyetoa santuri yake ya kwanza mwaka 1976, alipiga besi aina ya Jazz Bass ambayo freti zake zilikuwa zimeng'olewa. Alitaka utelezi wa kontrabasi na mlio wa Rotosound kwa pamoja. Mbao ya shingo haiwezi kuhimili matuta yale ya chuma. Itachimbika kama barabara ya vumbi wakati wa masika. Basi aliipaka shingo gundi ngumu ya epoksi, ile inayotumika kwenye maboti, ikawa kama kioo, na nyuzi zikaimba juu yake. Nalitaja hilo kwa sababu linaonyesha jambo ambalo wauzaji huwa hawalisemi: uzi hauchaguliwi peke yake. Ukichagua uzi umechagua na kinachouvumilia.

Hayo yalikuwa yakitendeka mbali. Sisi hapa Dar es Salaam tulikuwa na historia nyingine ya nyuzi, ambayo sijaiona ikiandikwa, nami nitaisema kama nilivyoiishi.

Bendi nyingi kubwa za mji huu zilikuwa mali ya mashirika na jumuiya. NUTA Jazz ilianzishwa mwaka 1964 chini ya chama cha wafanyakazi. Mlimani Park ilianza mwaka 1978 chini ya shirika la usafiri, na mwaka 1983 ikachukuliwa na Shirika la Maendeleo la Dar es Salaam. Sisi wapigaji tulikuwa waajiriwa wa mshahara, na vyombo vilikuwa vya mwajiri. Gitaa nililolipiga nilipoanza, mwaka 1979, sikulichagua mimi, na nyuzi zake nilizikuta. Alizipiga mwenzangu aliyenitangulia, na sijui nani kabla yake.

Kupata mpya ilikuwa shida juu ya shida. Zamani vitu vya muziki vilikuja sana kwa njia ya Nairobi, ambako hata santuri zetu zilikuwa zikichapwa. Februari 1977 mpaka ukafungwa, na haukufunguliwa tena hadi Novemba 1983. Katikati hapo vikaja vita vya Kagera, na baada ya vita fedha za kigeni zikawa adimu kuliko mvua ya Januari. Nchi isiyo na dola za kutosha kununulia mafuta na dawa haiwezi kukaa kitako kujadili nyuzi za besi, nami sikulaumu. Lakini Jumamosi ilikuwa ikifika, na watu walikuwa wakilipa kiingilio.

Basi tulifanya yaliyowezekana. Uzi ukikatika karibu na ufunguo, tuliuvuta mbele kidogo na kuuongezea mkia wa waya wa breki ya baiskeli nyuma ya daraja, ili ufike tena kwenye ufunguo. Kila baada ya miezi kadhaa tulizivua nyuzi zote tukazichemsha sufuriani. Wacheza dansi wanadhani chemko ni jina la ile sehemu ya pili ya wimbo, pale magitaa yanapochanganya na watu wakasahau viti vyao. Kwetu wapiga magitaa lilikuwa na maana nyingine pia. Kuchemsha husaidia kweli. Uzi hufa kwa sababu jasho na ngozi ya vidole huingia katikati ya mizunguko ya waya na kukaa humo. Uzito unakuwa hausambai sawa, mizunguko inashikana, na mtetemo unamezwa. Maji ya moto huutoa uchafu huo. Usiku wa kwanza uzi utalia kama kijana, usiku wa pili kama mtu mzima, na kabla wiki haijaisha ni mzee tena, tena mzee mwenye kutu, kwa sababu maji yamebaki ndani. Katika mji huu wa chumvi na joto hakuna uzi unaostaafu kwa amani.

Mwaka 1984 bajeti ya serikali iliruhusu watu wenye fedha zao za kigeni kuagiza bidhaa, na maduka yakaanza kupumua. Mwaka uliofuata baharia mmoja niliyefahamiana naye aliniletea seti ya nyuzi mpya: za mviringo, za chuma kisichoshika kutu. Nilimlipa zaidi ya nusu ya mshahara wangu wa mwezi. Nikazifunga katika gitaa la shirika mchana wa Jumamosi, nyumbani, na nilipolipiga kwenye amplifaya ya mazoezi mke wangu alitoka jikoni kuuliza ni kinanda gani hicho.

Usiku ule nilisikika. Nadhani ni mara ya kwanza katika maisha yangu ya muziki kwamba watu walioketi meza za nyuma walinyanyua vichwa kuangalia besi. Lakini baada ya wimbo wa tatu kiongozi wa bendi, mtu aliyenizidi umri kwa miaka kama kumi na tano na ambaye ndiye aliyenifundisha kazi, alinisogelea.

“Mdogo wangu,” akasema, “solo tunazo mbili. Hii ya tatu ya nini?”

“Kaka, hii ni besi.”

“Basi nirudishie besi yangu.”

Hakuongeza neno, akarudi kwenye maikrofoni. Nilielewa alichosema. Muziki wetu ulikuwa na magitaa matatu juu ya besi, yakisukana kama ukili, na uzuri wake ulikuwa kwamba kila moja lina njia yake. Besi iliyolia kwa visauti vya juu ilikuwa ikiingia katika njia ya gitaa la rizimu. Lakini pia nilijua kwamba nikizirudisha nyuzi za zamani nitarudi kuwa mtu ambaye noti yake hata yeye mwenyewe haisikii vizuri, na ambaye E yake haipatani na tarumbeta. Gitaa lilikuwa la shirika, nyuzi zilikuwa zangu. Kati ya vitu hivyo viwili ndipo nilipokuwa nimesimama, na mshahara wa watoto wangu ulikuwa upande wa gitaa.

Jumapili nilikata kipande cha sponji kutoka kwenye godoro kuukuu, nikakisukumiza chini ya nyuzi karibu na daraja. Sauti ikafupika, ikawa mviringo, ikatulia chini ya magitaa, na wakati huo huo kila noti ikabaki safi na sahihi kwa sababu uzi chini yake ulikuwa mzima. Tukafika sehemu ya chemko, ambako kati ya sehemu mbili za wimbo kuna pumzi ndogo. Katika pumzi hiyo nilikivuta kile kipande kwa mkono wa kulia, nikakitia mfukoni. Besi ikafunguka kama dirisha. Kiongozi aligeuka akanitazama, kisha akageukia watu. Hakusema kitu, na kwa mtu yule kutosema kitu ndiyo sifa. Tangu siku hiyo nilikuwa na besi mbili katika wimbo mmoja. Miaka mingi baadaye nikasoma kwamba Leo Fender aliweka sponji katika gitaa lake tangu mwanzo. La shirika lilikuwa limekwisha kupoteza kifuniko chake kabla sijalikuta.

Nimeyasimulia hayo ili nifike kwenye jambo linalonisumbua. Siku hizi vijana wanaojifunza kwa intaneti huja kwangu na habari za Jamerson. Wananiambia: Mzee, kumbe ninyi wa zamani mlikuwa na siri, mliacha nyuzi zikafa ili mpate ile sauti. Wengine huzinunua nyuzi na kuzipaka mafuta ili zizeeke haraka. Nawaelewa, maana wakizisikiliza rekodi zetu zilizofanywa Radio Tanzania sauti wanayoisikia inafanana kweli na ile ya Detroit: fupi, nzito, isiyo na ncha. Lakini siwezi kukubali sifa hiyo. Mwenye kufunga na mwenye njaa hali zao zinafanana wakati wa alasiri. Wote midomo imekauka, wote matumbo yanalia. Ila mmoja ana futari inayomngoja na nia aliyoiweka alfajiri, na mwingine hana. Jamerson angeweza kutia nyuzi mpya kila asubuhi, hakutaka. Sisi tulitaka, hatukuweza. Sikio halitambui tofauti hiyo, lakini mpigaji anaijua, na historia inayosikiliza rekodi peke yake itamwandika mwenye njaa kuwa ni mwenye kufunga.

Wako pia wanaosema kwamba upungufu ndio uliotufundisha kupiga kwa kuacha nafasi, kwa kuwa noti zetu zilikufa mapema. Nalo si kweli. Nafasi zile, ule mtindo wa besi kuliruka pigo la kwanza na kuangukia kati, tuliurithi kwa rumba ya Kuba, ambayo santuri zake zilianza kuingia Afrika katika miaka ya 1930, na kwa ndugu zetu wa Kongo walioishika rumba hiyo na kuifanya yao. Wacuba hawakuwa na uhaba wa nyuzi. Walikuwa na maarifa. Tusiipe shida heshima ya kazi iliyofanywa na watu.

Hata hivyo sitaki msomaji adhani kwamba naidharau nyuzi bapa au sauti ya giza. Baada ya kuacha bendi nilinunua gitaa langu mwenyewe, la kwanza maishani, na baada ya kupiga nyuzi za mviringo miaka kadhaa nilitia nyuzi bapa, nazo ndizo zilizomo mpaka leo. Carol Kaye wa Los Angeles, mmoja wa wapiga besi waliorekodi sana studioni, alitumia nyuzi bapa na kipande cha kitambaa kizito juu yake, huku akipiga kwa piki, na besi yake ilisikika wazi hata kwenye redio ndogo. Kwa hiyo giza na uwazi haviamuliwi na koti pekee. Ninachosema ni kwamba sauti yangu ya leo, ambayo kwa msikilizaji yaweza kuwa ile ile ya mwaka 1979, ni yangu. Ile ya mwaka 1979 ilikuwa ya mpaka uliofungwa.

Kijana mmoja wa kwaya ya kanisa la jirani alikuja mwaka huu kuniuliza anunue nyuzi gani. Alikuwa na besi ya nyuzi tano, zenye ule wa B unaotetemeka mara 31 kwa sekunde. Alinisalimu, nikamwitikia, kisha badala ya kumjibu nikamuuliza: “Kwaya yenu ina kinanda?”

“Ipo, Mzee. Viwili.”

“Mikono ya kushoto ya wapiga vinanda inafanya nini?”

Alifikiri, akacheka. “Inapiga besi.”

Hapo tulikuwa tumefika kwenye kazi yenyewe. Ikiwa vinanda viwili tayari vinanguruma chini, besi yenye nyuzi bapa itazama humo asiionekane hata mwenyewe. Kwa kwaya ile nilimshauri achukue za mviringo, zenye waya uliopakwa nikeli, ambazo si kali kama zile za chuma kisichoshika kutu na hazili freti haraka. Unene asiende chini ya 45 kwa ule mwembamba, na B iwe ya 125 au 130, kwa sababu B nyembamba hulegea ikapiga freti. Nilimwambia pia akumbuke kwamba nyuzi nne tu za kawaida huvuta shingo kwa jumla ya kilo 70 hadi 80, uzito wa mtu mzima, na ya tano inaongeza. Akibadilisha unene aitazame shingo, na akiona imepinda aende kwa fundi. Na asikate mkia wa uzi kabla hajaukunja kwenye ufunguo, maana ukikatwa ukiwa umenyooka koti linaweza kulegea juu ya kiini, na uzi utakufa kabla haujazaliwa. Kisha nikamwambia awaambie wale wa vinanda wapunguze mikono ya kushoto. Hilo la mwisho ndilo gumu kuliko yote, na halina bei dukani.

Kama ningetakiwa kutoa kanuni moja kutokana na historia hii, ningesema kwamba anayechagua nyuzi aanze kwa kuusikiliza wimbo, aone mahali palipobaki pa besi, ndipo atafute koti linalotosha mahali hapo. Fender alilifanya hivyo akitafuta kontrabasi, Jamerson akitafuta sakafu, Entwistle akitafuta jibu. Wote watatu walikuwa na duka karibu. Vijana wetu sasa nao wanalo, na nafurahi sana kwa ajili yao. Nawaomba tu wasiihesabu sauti ya wazee wao kuwa siri. Walio wengi miongoni mwetu hatukupata kuchagua, na tulipiga hata hivyo, na watu walicheza hadi alfajiri.